Kutegemeana na Kutegea: Lugha ya Kazi ya Kikundi katika Mafunzo ya Uhandisi, Dar es Salaam

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Tandale na Hananasifu upande wa Kinondoni hadi Keko na Mbagala upande wa Temeke, hakuna nyumba isimamishwayo na mtu mmoja. Siku ya kumwaga zege huonekana vijana wamejipanga mstari, karai zikipita kutoka mkono wa huyu hadi mkono wa yule, na mchanganyaji, mchukuzi na fundi kila mmoja hufanya kazi kwa mwendo wa mwenzake. Akisimama mmoja, mstari wote husimama; na zege haingoji mtu. Jambo hili ni la kawaida hata watu hawalitazami. Lakini kijana yule yule akiingia chuoni kusomea uhandisi hukuta kwamba ushirika, ambao mtaani ni desturi, darasani ni somo lenye alama. Na penye alama hapana budi pawe na mizani. Makala haya yanakusudia kueleza mizani hiyo: jinsi kazi ya kikundi iwezavyo kupimwa hata iwafunze wanafunzi kushirikiana kwa kweli, na jinsi Kiswahili, kwa maneno yake na kwa sarufi yake, kinavyousaidia au kuuzuia upimaji huo.

Huenda msomaji akauliza, je, shughuli za wahandisi zina uhusiano gani na uchunguzi wa lugha? Jibu ni kwamba kikundi hujengwa kwa maneno kabla hakijajenga kitu cho chote. Watu hugawana kazi kwa maneno, hukosoana kwa maneno, na mwisho huhukumiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika ripoti. Tena katika Tanzania mazungumzo ya kikundi aghalabu huwa kwa Kiswahili, na ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Baina ya lugha hizo mbili kuna mahali ambapo jasho la mtu laweza kupotea lisionekane.

Maneno ya ushirika

Yafaa kwanza kuyapambanua maneno. Neno kundi hutumika kwa watu na kwa wanyama: kundi la mbuzi, kundi la watu. Halisemi lo lote juu ya kazi. Husema tu kwamba viumbe wako pamoja. Kikundi ni kundi dogo, na neno hili ndilo lililochaguliwa na shule na vyuo. Genge, kwa maana yake ya wafanyakazi, ni watu wa kazi za mikono walio chini ya msimamizi. Timu ni neno lililoingia kutoka Kiingereza, na kwa watu wa Dar es Salaam, mji wa Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, ni neno la mpira kabla ya kuwa neno la kazi. Katika timu kila mtu ana nafasi yake: golikipa haachi goli lake akakimbilia mpira, wala mshambuliaji halaumiwi kwa kuwa hakudaka. Basi tofauti ya kikundi na timu ni hii: kikundi ni watu waliowekwa pamoja, na timu ni watu waliogawana nafasi. Waalimu wengi huunda vikundi wakidhani wameunda timu.

Kiswahili kina hazina nyingine ya zamani zaidi. Ujima ni kusaidiana kazi jirani kwa jirani, leo kwako, kesho kwangu. Waandishi wa siasa wa enzi ya ujamaa walilitumia neno hili kuitia jina hatua ya kale ya maisha ya binadamu, lakini maana ya kusaidiana haikufa. Msaragambo ni kazi ya watu wote kwa wito, kama vile kutengeneza njia. Harambee, iliyokuwa sauti ya watu wanaovuta au kuinua kitu kizito, ilifanywa wito wa taifa nchini Kenya mwaka 1963. Kikoa ni chakula kiliwacho pamoja, kila mmoja akiandaa kwa zamu yake. Na bia ni kuchangia pamoja kwa mara moja. Wanawake wa Temeke na Kinondoni wana mchezo, ambao wengine huuita upatu: kila mmoja hutoa kiasi kilicho sawa, na fedha zote humwendea mmoja kwa zamu, na mkusanyaji wao huitwa kijumbe.

Maneno haya yana jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Kila desturi kati ya hizo ina njia yake ya kumjua aliyetoa na asiyetoa. Asiyekwenda katika ujima wa jirani hukosa watu siku ya shamba lake. Katika kikoa, zamu ya mtu hufika mchana kweupe na sahani huonekana. Katika mchezo, kijumbe anajua ni nani aliyechelewa na kwa siku ngapi. Kwa hiyo si kweli kwamba ushirika wa jadi ulisimama juu ya mapenzi matupu, wala kwamba kupimana ni jambo la kigeni lililoletwa na vyuo. Ushirika wa jadi ulikuwa na hesabu, ila hesabu hiyo haikuandikwa. Chuo kinapowaweka wanafunzi watano pamoja na kuwapa wote alama moja bila kuuliza neno, hakifuati desturi ya Mwafrika, kinaiacha.

Uhandisi na haja ya kushirikiana

Neno mhandisi limetoka katika Kiarabu, na injinia katika Kiingereza; yote mawili yasikika Dar es Salaam. Mafunzo yenyewe yana historia fupi. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1957, na mwaka 1997 kikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973, na sasa kazi hiyo inafanywa na Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Na Kijitonyama, katika Kinondoni, iko ndaki ya chuo hicho hicho inayofundisha uhandisi wa kompyuta na wa mawasiliano. Kule Chang'ombe, Temeke, kiko chuo cha ufundi stadi cha VETA.

Duniani kote waajiri na wasimamizi wa taaluma hii wametambua kwamba hesabu na fizikia hazimtoshi mhandisi. Marekani, bodi ya ABET, ambayo huzithibitisha kozi za uhandisi, ilipozibadili kanuni zake mwishoni mwa miaka ya 1990 iliweka sharti kwamba mhitimu aweze kufanya kazi katika timu za watu wa fani mbalimbali. Mapatano ya Washington, yaliyotiwa sahihi mwaka 1989 na vyama vya uhandisi vya nchi kadha, nayo yamekuja kuuhesabu uwezo huo miongoni mwa sifa za mhitimu.

Lakini si lazima kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika miaka ya 1990, huko Hananasifu, wakazi wenyewe walishiriki kuchimba na kujenga mifereji ya maji ya mvua na barabara za mtaa, kwa mikataba waliyopewa kama jumuiya, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na mashirika mengine. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuichora ramani ya kata yao. Kuanzia mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuliwa katika kata nyingi za jiji zinazopatwa na mafuriko, kwa jina la Ramani Huria, na wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaenda mitaani pamoja na wenyeji. Katika kazi hizo mwanafunzi anajua kutumia chombo cha kupimia, wala hajui maji husimama wapi usiku wa masika. Mwenyeji anajua maji yasimamapo, wala hajui kuyaweka katika ramani. Hakuna hata mmoja kati yao awezaye kuikamilisha ramani peke yake. Huku ndiko kutegemeana.

Jambo hili lina uzito kuliko alama. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakafa. Mambo ya ajali ile yalikuwa na mashauri yake mahakamani, na si kazi ya makala haya kuyahukumu. Yatosha kusema kwamba jengo ni kazi ya watu wengi: mchoraji, mkadiriaji, mhandisi, msimamizi, fundi na saidia fundi, na usalama wake huwa mikononi mwa kila mmoja aonaye kosa akalisema. Mwanafunzi aliyezoea kwa miaka minne kunyamaza kikundini, akijua kwamba alama zitamfikia vivyo hivyo, amefundishwa kunyamaza. Naye aliyezoea kufanya yote peke yake amefundishwa kutowasikiliza wenzake. Wote wawili ni hatari juu ya jukwaa la ujenzi.

Kutegea, kudandia na kubebwa

Katika miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mtaalamu wa zana za kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa vikundi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1913, yalionyesha kwamba kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Walipofika wanane, kila mmoja alivuta takriban nusu tu ya nguvu aliyoivuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa pamoja: huyu huvuta na yule hupumua, na kwa sababu hiyo wavutaji wa kale walikuwa na sauti za kuwaongoza. Lakini mwaka 1974 wachunguzi wa Marekani waliwafunga watu macho, wakawafanya wadhani kwamba nyuma yao wako wengine wavutao, hali hawakuwako. Nao wakavuta kwa nguvu pungufu. Basi hapo hapakuwa na wa kupishana naye. Palikuwa na ulegevu tu. Na mwaka 1981 wengine, waliokuwa wakichunguza watu wapigao kelele kwa pamoja, waliona kwamba watu wakijua ya kuwa sauti ya kila mmoja itatambulikana, ulegevu hutoweka. Jambo hili la mwisho ndilo msingi wa upimaji wote wa kazi za kikundi.

Wasemaji wa Kiswahili wa Dar es Salaam hawakungoja uchunguzi huo ili kulipatia jambo hili majina. Wana maneno matatu, na kila moja lina maana yake. Kutegea ni kuwapo kazini bila kufanya kazi, kwa kungojea wengine wafanye. Neno hili hukumbusha kitenzi tega: mtegaji huweka mtego wake akaenda kulala, na kazi hufanywa na mtego. Kudandia ni kurukia chombo kilichokwisha kuondoka: mwanafunzi haonekani tangu mwanzo, na siku ya kuandika majina juu ya ripoti huja mbio. Kubebwa ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, na sarufi yake yafichua jambo ambalo maneno mawili ya kwanza hayalisemi: penye abebwaye pana abebaye. Huyu mbebaji aghalabu husifiwa, lakini si kila mara astahilipo sifa. Mara nyingine ni mwanafunzi hodari asiyewaamini wenzake, anayeinyakua kazi yote ili alama zake zisiharibike, na kwa kufanya hivyo huwanyima nafasi ya kujifunza. Mwalimu akipambana na mtegeaji peke yake na kumwacha mbebaji, ameliponya jeraha nusu.

Kinyume cha maneno hayo ni kutegemeana. Hakuna haja ya kushikilia hapa kwamba tegea na tegemea ni ndugu wa mzizi mmoja. Wafananao kwa sauti si lazima wawe wa ukoo mmoja. Ila jambo la kutazamwa ni kiambishi -an-. Huyu hutegemea kwa yule na yule kwa huyu. Akiondolewa -an-, mmoja hutegemea na mwingine huelemewa, na kikundi kimerudi katika kubebwa.

Masharti ya kutegemeana

David na Roger Johnson, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wameeleza mambo matano yafanyayo mafunzo ya ushirika kuwa ya ushirika kweli. La kwanza, kufaulu kwa mmoja kufungamane na kufaulu kwa wenzake. La pili, kila mmoja awajibike kwa sehemu yake. La tatu, watu wasaidiane uso kwa uso. La nne, wafundishwe namna ya kusemezana, kuongoza na kupatanisha. La tano, kikundi kijitazame chenyewe mara kwa mara na kuuliza, je, tunaendaje?

Tuseme wanafunzi watano wamepewa kazi ya kubuni mfereji wa maji ya mvua, urefu wa mita 100, katika mtaa mmoja wa Tandale. Kama mfereji washuka senti mita 50 kutoka mwanzo hadi mwisho, mteremko wake ni moja kwa 200. Mmoja apime mteremko huo, wa pili akadirie wingi wa maji ya mvua, wa tatu achague upana na kina, wa nne achore, wa tano ahesabu gharama. Mpima mteremko akikosea, upana utakosewa. Upana ukikosewa, mchoro na gharama vyote vimekwenda mrama. Kazi ya namna hii yenyewe hufunga watu pamoja. Lakini swali lenye sehemu tano zisizohusiana si kazi ya kikundi. Ni kazi tano za watu watano zilizobanwa kwa pini moja.

Tena nafasi zizunguke. Hapa kikoa kina la kutufundisha: aliyeandaa leo kesho hula kwa mwenzake. Pasipo zamu, mwenye Kiingereza kizuri huwa mwandishi daima, mwenye kompyuta huwa mchoraji daima, na msichana, akiwa mmoja kati ya wavulana wanne, hufanywa katibu kila mara na asishike chombo cha kupimia hata siku moja. Kwa ajili hiyo waalimu wengi wenye uzoefu huunda vikundi wenyewe badala ya kuwaacha marafiki wachaguane, hutosheka na watu wanne au watano, na katika miaka ya mwanzo hawamweki msichana peke yake kikundini.

Mwalimu pia atazame umbali kabla ya kuhukumu. Mwanafunzi akaaye Mbagala hupanda zaidi ya gari moja kufika Mlimani. Kikundi kikikutana saa tatu usiku katika bweni, kutokuwapo kwake si kutegea. Saa za vikao na ziandikwe mapema na kukubaliwa na wote, ili jina la mtegeaji asivikwe mtu ambaye kosa lake ni kupanga chumba mbali.

Sarufi ya ripoti

Hapa wachunguzi wa lugha wana la kusema. Mtu akisoma ripoti za vikundi, za Kiswahili au za Kiingereza, hukuta vitenzi vya namna moja: vipimo vilichukuliwa, mchoro uliandaliwa, majaribio yalifanyika. Kauli ya kutendwa, yenye -w-, humwacha mtendaji nje ya sentensi, ingawa msomaji anajua kwamba yuko. Kauli ya -ik- humwondoa kabisa: kazi ilifanyika, kana kwamba ilijifanya yenyewe. Katika maandishi ya sayansi kauli hizo zina heshima yake, kwa kuwa sayansi hutaka kujua jambo, si mtu. Lakini anayepima ushirika anataka kumjua mtu, na kauli hizo humficha.

Akiulizwa kwa mdomo, mwanafunzi husema: tulipima, tulichora, tulihesabu. Kiambishi tu- ni mwavuli mkubwa. Chini yake husimama aliyekesha na aliyelala, wala mvua haimpati ye yote. Ni kiambishi cha adabu, kwa sababu katika malezi ya Waswahili mtu anayesema sana nilifanya, nilifanya, huonekana mwenye kujigamba. Basi mwanafunzi mwema hujificha chini ya tu- kwa unyenyekevu, na mtegeaji hujificha papo hapo kwa haja yake, na mwalimu hawezi kuwatenga.

Dawa yake si kuiondoa adabu, bali ni kuweka daftari. Kila kikundi kiwe na daftari la vikao, na kila mstari wake uwe na mtendaji, kitendo na tarehe: fulani alipima mteremko, fulani alirudia hesabu za fulani akaona kosa, fulani hakuja na alitoa taarifa. Sentensi fupi zenye a- na ni- zatosha. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho ni mali. Daftari likiandikwa siku ile ile, na kutiwa sahihi na wote, hakuna ajigambaye wala afichwaye, kwa kuwa kusema nilifanya kumekuwa kanuni ya daftari wala si majivuno ya mtu.

Kumhukumu mwenzi

Njia iliyoenea sana ya kumtambua kila mmoja ni kuwauliza wanakikundi wenyewe, kwa siri, juu ya wenzao. Faida yake ni dhahiri: wao ndio walioona. Lakini hapa lugha huleta kikwazo kingine. Mswahili akiulizwa habari za mwenzake asiyefaa, hasemi kwamba hafai. Husema: anajitahidi, au, si haba, au, ana nia. Katika ripoti za shule neno anajitahidi limekwisha kuwa pazia, na mzazi ajuaye huelewa kwamba nyuma yake hakuna kitu. Mgeni akilisoma kwa kamusi atadhani ni sifa. Kwa hiyo fomu inayouliza, je, mwenzako ni mzuri, wa kadiri au mbaya, itapata majibu ya heshima, si ya kweli.

Yafaa basi fomu iulize vitendo, wala si sifa za mtu. Alihudhuria vikao vingapi kati ya vile vilivyopangwa? Alileta sehemu yake siku iliyokubaliwa? Alikagua kazi ya mwingine? Alipopingwa, alisikiliza? Kitenzi hujibiwa kwa ndiyo au hapana bila kumvunjia mtu heshima. Sifa haijibiwi bila kumgusa yeye mwenyewe.

Majibu yakigeuzwa kuwa hesabu, njia yake ni hii. Tuseme kikundi kimepata alama 70 kwa mradi wao, na wastani wa hukumu aliyopewa kila mmoja na wenzake, kwa 100, ni 90, 85, 80, 80 na 40. Jumla yake ni 375, na wastani wa kikundi ni 75. Kila mmoja hukumu yake hugawanywa kwa 75. Wa kwanza hupata 1.20, wa pili 1.13, wa tatu na wa nne 1.07, na wa mwisho 0.53. Hesabu hizo zikizidishwa kwa 70, alama za kila mmoja hupatikana. Lakini waalimu wengi huweka kikomo kwa upande wa juu, mathalan 1.05, ili pasiwe na faida ya kumshusha mwenzi. Kwa kikomo hicho wanne wa kwanza hupata 73.5 kila mmoja, na wa mwisho hupata takriban 37. Hapo yaonekana kwamba kipimo hiki hakikusudiwi kuwapambanisha hodari wao kwa wao. Kinakusudiwa kumtenga mtegeaji na mtenda kazi.

Hata hivyo, hesabu si mwamuzi wa mwisho. Marafiki wanne waweza kula njama dhidi ya wa tano kwa sababu ya kabila, dini au ugomvi wa bweni. Kwa hiyo hukumu iliyo mbali sana na nyingine iwe ishara ya kumwita mtu na kulifungua daftari, wala si ishara ya kumwangusha. Na hukumu ya kwanza itolewe katikati ya muhula bila alama, ili mtu apate nafasi ya kujirekebisha. Upimaji unaokuja mwisho tu huadhibu. Unaokuja katikati hufundisha.

Lugha ya kazi na lugha ya cheti

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Kikundi hubishana kwa Kiswahili. Mmoja husema, mteremko huu mdogo mno, mchanga utajaa. Mwingine hujibu, basi tuongeze kina huku juu. Katika maneno hayo mna uhandisi mtupu. Kisha ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na yule aliyeligundua jambo la mchanga, akiwa mtoto wa fundi wa Keko ambaye Kiingereza chake ni cha shida, hasikiki tena. Mwandishi wa ripoti ndiye anayeonekana kuwa mwenye fikira. Wenzake nao, wakijaza fomu, humpa alama nyingi yule aliyeandika kurasa nyingi. Hivyo kipimo cha ushirika hugeuka, bila mtu kukusudia, kuwa kipimo cha Kiingereza.

Jambo hilo lina dawa, wala halihitaji kungoja mabadiliko ya sera. Daftari la kikundi liandikwe kwa lugha ambayo kikundi hufanyia kazi. Siku ya kuihudhurisha kazi, mwalimu amchague mmoja kwa kura na kumtaka aeleze sehemu ya mwenzake, na amruhusu kueleza kwa Kiswahili anaposhindwa. Kwa kuwa kinachopimwa saa ile ni kama kazi ya wote imeeleweka na kila mmoja. Kura hii ina faida ya pili: kila mtu, akijua kwamba aweza kuitwa, hutaka kufahamu kazi ya mwenzake, na mbebaji hulazimika kuwafundisha aliokuwa akiwabeba.

Wanalugha nao wana kazi yao. Istilahi za vitu zimeshughulikiwa; Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni ushahidi mmoja. Lakini mhandisi kikundini hahitaji majina ya vitu peke yake. Ahitaji maneno ya kupinga hesabu bila kumpinga mtu, ya kuomba msaada bila kuona haya, ya kukiri kutoelewa, na ya kumwonya mwenzi kabla zege halijakauka. Maneno hayo yako: yasikika kila siku katika karakana za Keko, katika vikao vya mchezo na katika mistari ya kupokezana karai. Yangekusanywa kwa utaratibu, pamoja na mifano ya matumizi yake, waalimu wa uhandisi wangepata msamiati wa fomu zao na wa madaftari yao kutoka vinywani mwa watu wafanyao kazi, na mwanafunzi angejua kwamba ushirika anaopimwa kwao chuoni si mwingine ila ule aliouacha mtaani kwao, uliotiwa sasa katika maandishi.